Uvimbe kifuani: kipimwe kinyama kwanza

*Mdogo wangu ana miaka 26, anabeba mizigo hapa mpakani Horohoro. Alikohoa, akakonda, akaanzishiwa dawa za TB ingawa makohozi hayakuonyesha wadudu. Amemaliza miezi sita, hana nafuu. Sasa akiamka uso umevimba, na usiku analala ameketi. Picha imeonyesha uvimbe mkubwa katikati ya kifua. Wazee wanasema uvimbe ukiguswa na kisu husambaa, bora tuvuke hadi Lungalunga, upande wa Kenya, kwa mganga. Nifanyeje?*
*Dada mtu, Horohoro*

Pole kwa kuuguza, mwanangu. Uso kuvimba na kushindwa kulala chali maana yake uvimbe unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, pengine na njia ya hewa. Hilo halingoji wiki ijayo. Mpelekeni hospitali ya Bombo, Tanga, leo; garini akae, asilale chali.

Jasho la usiku, kikohozi na kukonda ni dalili za TB, lakini pia ni za limfoma, saratani ya mitoki. Kwa kijana kama yeye huenda ni hiyo, au uvimbe wa tezi ya thaimasi, au saratani ya seli za uzazi iliyoota kifuani. Kwenye picha zinaweza kufanana. Tiba hazifanani hata kidogo. Limfoma hutibiwa kwa dawa za dripu, mara nyingi bila upasuaji wowote. Ya thaimasi hukatwa ikiwezekana. Ya seli za uzazi huanza na dawa, kisha mabaki ndiyo hutolewa.

Kwa hiyo kisu mnachokiogopa huenda asikione kabisa. Kinachotakiwa ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Baada ya CT scan, ngozi hutiwa ganzi, sindano ndefu ikapenyezwa kando ya mfupa wa kifua, ikatoa vipande vyembamba kama uzi, vikatiwa kwenye kichupa chenye fomalini. Kama ana mtoki shingoni, hutolewa huo. Ni rahisi zaidi. Ombeni ganzi badala ya usingizi, maana uvimbe mkubwa unaweza kuziba hewa misuli ikilegea. Kwa ajili ya ile saratani ya seli za uzazi, damu ipimwe pia, na korodani zikaguliwe. Vijana huona haya kwa hilo, mwambie asifiche.

Tafadhali, msimnunulie prednisolone dukani. Huweza kusinyaza limfoma kwa siku chache, kinyama kikaja bila jibu.

Wazee waheshimu, lakini huenda wengi waliowaona wakifa baada ya upasuaji walifika wamechelewa. Limfoma ya Hodgkin, inayowapata sana vijana, wengi hupona hata ikiwa kubwa.

Mkipewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili au taasisi ya saratani ya Ocean Road, bebeni barua, picha zote na kadi ya TB. Hamna bima? Ingieni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini mwombe msamaha wa gharama.

Na wewe msomaji uliyemaliza dawa za TB na bado unakonda, rudi hospitali ukapigwe picha ya kifua.