Barua Tatu Mkononi: Namna ya Kuchagua Chuo

Kila mwaka, vijana wetu waitwapo vyuoni, wazee hutujia na barua mkononi wakatuuliza: "Sheikh, tushike ipi?" Mara hii tumeona bora tuwajibu wote pamoja.

Tuchukue mfano wa binti wa Mombasa aliyefaulu vyema na ataka kusomea uuguzi. Serikali imempanga Chuo Kikuu cha Embu. Chuo Kikuu cha Kimethodisti, kilichoko Meru, nacho kimemkubali kwa kujilipia. Na mamake ataka aombe kuhamishiwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, apate kuwa karibu. Baba asema Embu ni bara na baridi. Ami asema jina la Kimethodisti lamtia hofu. Katika wote hao, hapana aliyeuliza mafunzo yenyewe yakoje.

Ndugu zetu, wengi wetu hatuijui Meru ila kwa miraa. Mzigo wa miraa twajua wafika saa ngapi, lakini hatujui kwamba njia ile ipitayo Embu, Chuka na Meru, ubavuni mwa Mlima Kenya, ina vyuo vikuu vinne. Cha Kimethodisti kilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2006. Cha Chuka na kile cha Sayansi na Teknolojia kilichoko Nchiru mwaka 2013. Na cha Embu mwaka 2016. Cha Pwani nacho kilipata hati yake mwaka 2013. Basi umri wa hati hautoshi kuwa hoja, wala umbali si aibu. Wazee wetu walisafiri kwa jahazi kutafuta elimu. Leo twaogopa safari ya basi?

Yapasa kuuliza mambo matatu kabla ya kushika barua yoyote.

Kwanza, je, baraza la kazi hiyo layatambua mafunzo ya chuo hicho? Hati ya chuo ni jambo moja, na kutambuliwa kwa somo ni jambo jingine. Muuguzi huandikishwa na Baraza la Wauguzi, mhandisi na Bodi ya Wahandisi. Wako vijana waliomaliza uhandisi katika nchi hii, kisha Bodi ikakataa kuwaandikisha kwa kuwa mafunzo yao hayakuidhinishwa. Hasara hiyo hailipiki.

Pili, gharama ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza tu. Wengi huuza kiwanja kulipa mwaka mmoja, na wa pili mtoto akarudi nyumbani. Na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imekuwa ikitozwa ziada ya 4 kwa mia. Mwenye kuikimbia riba na aulize mapema iko njia gani nyingine.

Tatu, maisha ya mtoto huko. Kwa nini kukataa chuo kwa jina lake tu, au kukikubali kwa jina lake tu? Andikeni barua, au bora mwende. Ulizeni juu ya mavazi, nafasi ya kusali na malazi ya mabinti, na mtake jibu la wazi kabla ya kulipa.

Ama kuhama, serikali huweka muda maalumu wa kuomba. Mwenye kungoja mpaka baridi imchoshe hukuta mlango umefungwa.

Wengine hutwambia: "Tumekwisha sali istikhara, yatosha." Istikhara ni sunna njema, lakini haikuwekwa badala ya kuuliza. Uliza wajuao, pima, kisha umtake Mola wako kheri katika lile uliloliazimia. Na binti mwenyewe aulizwe, kwani ndiye atakayesoma.

Kama baada ya hayo Embu ndiyo iliyoshinda, basi mnunulieni sweta, mumwombee dua, na mumwache aende.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.