Mgeni kwenye Kilula: Nani Ana Haki ya Kumzuia?

Ugomvi wa wageni kwenye maji ya pamoja huzuka pale ndoo zinapozidi maji. Katika kata ya Mbuji na vijiji vingine vya milimani Mbinga, wakati wake ni msimu wa kahawa. Kaya iliyokuwa na watu watano hujikuta inalaza kumi: vibarua wa kuchuma, shemeji aliyekuja kusaidia, watoto waliofunga shule. Kilula, yaani bomba la pamoja la kuchotea maji, ni kilekile, tanki ni lilelile, na maji ya mserereko hayaongezeki kwa sababu kahawa imeiva. Tena uchumaji huangukia kiangazi, chemchemi zinapopungua. Jirani aliyepanga foleni tangu alfajiri, kwenye baridi ya Julai, akimwona kijana asiyemfahamu anatanguliza madumu manne, hana budi kuuliza: huyu ni wa nani?

Kisheria, swali hilo halimalizi jambo. Linalomaliza ni nani anaendesha kilula hicho na kwa kanuni zipi.

Maji yenyewe hayana mwenyewe kijijini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hili huwashtua wazee wa Umatengo, yaani milima hiyo ya Mbinga, ambako ardhi ya ukoo, ntambo, ilizoeleka kuhesabiwa kuanzia mgongo wa mlima hadi vijito vilivyo chini yake, na chemchemi ikahesabiwa humohumo. Hakimiliki ya kimila inampa mtu ardhi aitumie. Haimpi maji yanayobubujika ndani yake. Matumizi ya nyumbani, yaani kunywa, kupika, kuoga na kufua, hayahitaji kibali cha mtu yeyote mradi mchotaji amefika kwenye maji kwa njia halali.

Maji ya bomba yana utaratibu wake, kwa kuwa yamejengewa kwa gharama na yanahitaji kutunzwa. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, ilianzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ulioanza kazi Julai mwaka huohuo. Chini yake viko vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi bado wanaviita jumuiya za maji. Chombo cha namna hii ndicho chenye mamlaka ya kuendesha mradi, kuweka kanuni za matumizi ya vilula, kufunga dira na kutoza watumiaji. Kina pia mamlaka ya kumzuia mtu asichote, na hapo ndipo pa kusoma kwa makini: anayeweza kuzuiwa ni yule asiyefuata kanuni na katiba ya chombo. Ugeni peke yake haumo. Kibarua aliyelipia dumu lake na kusimama kwenye foleni ana nafasi ileile aliyo nayo mwenyeji wake, na mwenyeji wa miaka arobaini anayeruka foleni ndiye mwenye kosa.

Kanuni inayowakataa vibarua kwa sababu wametoka Nyasa, Songea au kwingineko ingegongana pia na Ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi, ukiwamo wa kuangalia mahali mtu alikotokea. Lakini jumuiya haikufungwa mikono. Inaweza kuamua kwamba kila mtu ajaze madumu mawili kisha arudi nyuma ya foleni, kwamba kilula kifungwe saa fulani ili tanki lijae, au kwamba mwenye kaya awajibike kwa uharibifu uliofanywa na mgeni wake. Kanuni hizo ni halali kwa sababu zinamgusa kila mtu, na kama zikipitishwa mapema, kabla kahawa haijaanza kuwa nyekundu, hupunguza kelele nyingi. Zikitungwa kilulani siku ya ugomvi, huwa zimemlenga mtu.

Faini ni jambo jingine. Kijiji kinachotaka kutoza faini lazima kiwe na sheria ndogo: Halmashauri ya Kijiji inaipendekeza, Mkutano Mkuu wa Kijiji unatoa maoni, kisha Halmashauri ya Wilaya inaiidhinisha. Faini iliyotangazwa kwa mdomo na mwenyekiti wa kitongoji, au na mhudumu wa kilula aliyechoka, haina nguvu hata kama kijiji kizima kilipiga makofi. Anayedaiwa fedha ana haki ya kuonyeshwa kifungu na kupewa stakabadhi. Bei ya maji nayo hupangwa kwa utaratibu wa chombo na RUWASA. Mhudumu hawezi kumpandishia mgeni kwa kuwa hamjui.

Jirani, kwa upande wake, hana mamlaka yoyote ya kuzuia kwa mkono wake. Kumwaga ndoo ya mtu, kulitupa dumu lake bondeni au kumsukuma ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu: shambulio, au uharibifu wa mali. Mara nyingi aliyekuwa na lalamiko la haki ndiye anayeishia kuwa mshtakiwa, na lile lalamiko la maji halisikilizwi tena na mtu.

Lalamiko la jirani huwa na mashiko hasa pale maji yanapoacha kuwa ya nyumbani. Mkulima akichota madumu ishirini kwa ajili ya kumenya na kuosha kahawa, au kufyatua tofali, hawezi kujificha nyuma ya wageni wake. Kikundi chenye mtambo wa kumenya kahawa kinachochukua maji mtoni kinahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, na kibali kingine cha kutiririsha majitaka, maana maji ya maganda ya kahawa huharibu mto kwa walio chini. Mito inayoingia Ziwa Nyasa, ukiwamo Ruhuhu, iko chini ya Bodi ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye makao yake Tukuyu. Inayokwenda Mto Ruvuma iko chini ya bodi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, Mtwara. Mtu anayehesabu ndoo za shemeji ya jirani huku mtambo ukinyonya kijito bila kibali amekosea pa kuelekeza hasira.

Kuna pia hesabu ambayo haimhusu mgeni kabisa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la kituo kimoja cha maji kwa watu 250, kisichozidi mita 400 kutoka makazi. Kilula kinachohudumia watu wengi kuliko hao hata nje ya msimu kimeelemewa, na barua ya Halmashauri ya Kijiji kwenda kwa Meneja wa RUWASA wa Wilaya ina maana zaidi kuliko kumfukuza mtu mmoja foleni.

Kwenye chemchemi mgogoro mara nyingi huwa wa njia. Mwenye shamba anaziba kichochoro ambacho kijiji kimekitumia kwa miaka, kwa madai kwamba wageni wanakanyaga ngolo zake, yaani mashimo ya kilimo cha Wamatengo. Akiwazuia wasikanyage mazao, yuko sahihi. Akifunga njia ya pekee ya maji, ameanzisha mgogoro wa ardhi, nao una ngazi zake. Huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu ni wanawake, kisha Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Likishindwa, mlalamikaji hufungua shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwananchi anayepewa leo “hukumu” ya ardhi na Baraza la Kata amepewa karatasi isiyo na nguvu.

Ziwani hali ni nyepesi kidogo. Kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay watu huoga, hufua na kuvuta nyavu kwenye ufuko mmoja, na mwenye kiwanja hudai wageni wa jirani wasipite mbele ya nyumba yake. Ziwa ni maji ya umma, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Anayejenga uzio hadi majini ana kosa kubwa kuliko la mgeni anayepita kuoga. Mgeni naye hana ruhusa ya kukatiza uani kwa mtu.

Bwawa la kuogelea la nyumba za ghorofa, kama yale ya Dar es Salaam, liko mbali na haya yote. Pale maji yamelipiwa na wenye nyumba wenyewe, na Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008 inawapa umoja wao nafasi ya kuweka kanuni za maeneo ya pamoja. Umoja huo ukisema wageni wawili kwa kila nyumba, mgeni wa tatu anarudi.

Kwa ugomvi wa kilula, pa kuanzia ni kamati ya jumuiya ya maji, kwa maandishi yenye tarehe, jina la kilula na majina ya mashahidi. Ikinyamaza, ofisi ya kijiji, kisha RUWASA wilayani. Kipigo na uharibifu wa mali hupelekwa polisi, si kwenye kamati. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia wasaidizi wa kisheria, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri anaweza kumwelekeza walipo.