Dawa na Mishipa ya Ubongo Inayovuja Damu

Mchimbaji wa dhahabu wa Sekenke atokaye duarani huku kichwa kikimgonga hukimbilia tiba iliyo karibu: vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa muhimu. Mara nyingi chanzo ni joto au kiu, na maumivu hutulia. Wapo wachache, hata hivyo, ambao chanzo chake ni mishipa ya damu ya ubongo iliyoumbika vibaya. Kwao, kuchagua kidonge si jambo dogo.

Aina mojawapo ya kasoro hiyo, iitwayo kavernoma, ni kishada cha vifuko vya damu vyenye kuta nyembamba. Hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 200 anayo, na wengi huishi nayo bila kujua. Ikivuja, huweza kuleta kifafa, kupooza upande mmoja au maumivu makali ya kichwa.

Je, ipo dawa ya kuiziba? Hadi sasa hakuna iliyothibitishwa. Propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu, ilijaribiwa nchini Italia kwa watu 83 wenye kavernoma za kurithi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalitia moyo, ila washiriki walikuwa wachache mno kuweza kuthibitisha. Basi muuzaji akikuambia kwamba kidonge hicho "kinafunga mishipa", anadai asichokijua hata daktari bingwa. Isitoshe, propranololi huweza kumbana kifua mwenye pumu, na kuiacha ghafla huhatarisha moyo.

Dawa zenye kazi ya hakika ni zile za kuzuia kifafa na za kushusha shinikizo la damu. Haziondoi kasoro, humkinga mgonjwa. Kosa tunalolihofia zaidi ni kuziacha. Aliyekaa miezi 6 bila kuanguka hujiona amepona, akakatisha dawa ya kifafa, kisha degedege likamrudia akiwa ndani ya shimo, mbali na wa kumshika.

Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli katika kipimo sahihi ndiyo chaguo la kwanza. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hupunguza uwezo wa damu kuganda. Aliyewahi kuvuja damu ubongoni asizitumie bila kumwuliza daktari. (Aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo naye asiiache kwa sababu tu amesoma kijitabu hiki.)

Kichwa kikiuma ghafla kuliko wakati wowote, mdomo ukipinda au maneno yakikwama, usimeze chochote wala kungoja asubuhi. Mgonjwa afikishwe hospitali, Kiomboi au Singida, ili apewe rufaa mapema kwenda penye wapasuaji wa ubongo, kama Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Anayemsindikiza abebe pakiti za dawa zote anazotumia mgonjwa, na ataje mitishamba pia.