Vidokezo 7 vya Kusaka Pyuta ya Mitumba

Wamarekani wanaojisubia risasi za bunduki nyumbani hawahangaiki sana kupata madini ya risasi. Wanahangaika kupata bati. Bila bati kidogo, uji wa madini haujazi kalibu vizuri, na risasi hutoka na mikunjo na kingo butu. Tatizo ni kwamba bati bei yake ni mara nyingi ya madini ya risasi. Ndiyo maana wajanja huranda kwenye maduka ya mitumba kama Goodwill na Salvation Army, na kwenye mauzo ya gereji, wakitafuta vyombo vya pyuta, aloi ambayo sehemu yake kubwa ni bati. Ukiwa miongoni mwao, zingatia haya.

1. Pindua chombo kwanza. Mhuri huwa kwenye kitako. Neno "Pewter" ni dalili njema: pyuta ya kisasa huwa na bati zaidi ya asilimia 90, na kiasi kinachobaki ni antimoni na shaba. Vyombo vya Kijerumani huandikwa "Zinn", mara nyingine pamoja na asilimia 95. Jina la Royal Selangor, kiwanda cha Malaysia kilichoanzishwa mwaka 1885, nalo ni la kuaminika.

2. Usidanganywe na rangi. Vyombo vya Wilton Armetale vinafanana sana na pyuta, kumbe sehemu kubwa ni alumini. Vipime mkononi: alumini ni nyepesi mno kwa ukubwa wake. Sumaku nayo isikose mfukoni. Kinachonasa si pyuta.

3. Kwaruza mahali pasipoonekana. Pyuta ni laini, na ncha ya kisu huiachia alama bila kutumia nguvu. Ukiona rangi ya njano au nyekundu chini ya weupe, hiyo ni shaba iliyopakwa fedha. Rudisha rafuni.

4. Iogope zinki. Vinyago na mapambo ya bei rahisi mara nyingi ni ya zinki, na zinki ikiingia chunguni madini huwa mazito na kugoma kujaa kalibu. Ukishanunua, dondoshea tone la asidi ya haidrokloriki: zinki hutoa mapovu papo hapo, pyuta hutulia. Vaa glavu na miwani. Usitegemee moto ukuchambulie, maana zinki huyeyukia ndani ya bati la moto hata kabla ya kufikia nyuzi 420 za Selsiasi, joto lake la kuyeyukia.

5. Piga hesabu kabla ya kulipa. Kikombe cha gramu 300 chenye bati asilimia 92 kina gramu 276 za bati. Ukitaka mchanganyiko wenye bati asilimia 2, kikombe hicho kimoja kinatosha kilo 13 na ushee. Kwa hiyo linganisha bei ya rafuni na bei ya bati safi kwa uzito, na usisahau kutoa uzito wa visivyo pyuta: vinara vingi hujazwa saruji kitakoni, na chupa za kiunoni huweza kuwa na shingo ya chuma.

6. Kata, kausha, ndipo uyeyushe. Mikono ya vikombe mara nyingi ina uwazi ndani, na maji yaliyojificha humo yakikutana na madini ya moto hugeuka mvuke ghafla na kurusha chungu kizima usoni. Pasua kila penye uwazi na upashe vipande joto kwanza. Fanya kazi nje, penye hewa. Pyuta ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo watoto wakae mbali, usile wala kuvuta sigara hapo, na sufuria uliyotumia isirudi jikoni. Mimina pyuta iliyoyeyuka iwe vipande vidogo, vipime, kisha uandike uzito juu ya kila kimoja.

7. Usiyeyushe urithi. Pyuta ya Marekani ya karne ya 18 yenye mhuri wa fundi hutafutwa na wakusanyaji, na sahani moja huweza kuuzwa kwa bei inayozidi mbali thamani ya bati lake. Ukikuta mhuri usioujua kwenye chombo kinachoonekana cha kale, muulize mtu wa mnada. Akikwambia ni cha thamani, kiuze, na kwa fedha hiyo ununue bati safi la kukutosha muda mrefu.