Kijitabu cha Mpiga Kura Kisichopendelea Mtu

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama hapa Kilifi kinataka kugawa vijitabu vya kuwaelimisha wapiga kura kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Mgombea mmoja amejitolea kulipia uchapaji. Tukubali?

JIBU: Hapana, dada. Mkataeni kwa adabu, hata kama jina lake halitaonekana popote. Kijiji kitajua nani alilipa, na siku hiyohiyo kijitabu chenu kitageuka kuwa chake. Afadhali karatasi moja iliyotolewa fotokopi kwa michango yenu. Hata rangi ya karatasi mwiangalie: ya njano au ya chungwa itasomwa kama ya chama. Nyeupe yatosha.

Kabla ya kuchapa, nendeni ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, mkaeleze nia yenu, kwani elimu ya mpiga kura ni jukumu la tume kikatiba.

Ndani ya kijitabu, elezeni kura sita ambazo kila mpiga kura hupiga, na kazi ya kila kiti. Wengi bado humdai mbunge barabara za mashinani na zahanati, ilhali hizo ni kazi za kaunti. Wakumbusheni kubeba kitambulisho au pasipoti waliyojiandikishia.

Mkitaja wagombea, waulizeni wote swali moja, kwa maandishi, kwa muda sawa. Chapeni majibu kwa urefu sawa. Aliyenyamaza andikeni "hakujibu", basi. Msikigawe mkutanoni mwa mwanasiasa, wala pamoja na sukari au leso. Sokoni, kisimani na baada ya ibada panafaa, mradi mkipita msikitini mpite na kanisani.