Somo kwa Makatibu: Diski ya Chama Inapoanza Kufa

Zamani daftari la hisa lilipolowa mvua, katibu alilianika, akageuza kurasa mojamoja, na kwa kawaida sehemu kubwa ya maandishi ilisomeka. Siku hizi vyama vingi huweka hesabu zao katika kompyuta, na nakala yake katika diski ya nje, ambayo wengi huiita eksteno. Diski hiyo haina tabia ya daftari. Ikisha kuanza kuharibika, kila inapowashwa yaweza kupoteza sehemu nyingine ya kile kilichosalia. Kwa sababu hiyo somo hili laanza na mambo ambayo katibu hapaswi kuyafanya.

Ichukuliwe kwamba katibu wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara, chenye ofisi ghorofani Kariakoo, anaichomeka diski asubuhi ya Jumatatu, siku tatu kabla ya wakaguzi kufika. Diski inagonga, tik, tik, tik, kisha kompyuta inaandika kwamba yapasa ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Kompyuta ya ofisi ilibadilishwa mwezi uliopita, na hisa, akiba na mikopo ya wanachama wote imo ndani ya diski hiyo peke yake.

Katibu mwenye hofu hukubali kufomati, au huichomeka diski katika kompyuta ya jirani, kisha ya shemeji yake, kisha huiacha ikigonga usiku kucha akitumaini itafunguka yenyewe. Yote hayo ni makosa. Kufomati huweka orodha mpya tupu mahali pa ile iliyoonyesha kila faili lilipo, na kule kugonga ni dalili kwamba kichwa cha kusomea kinatafuta mahali pake na hakipaoni. Diski izimwe, ichomolewe, iandikwe kikaratasi cha tarehe na saa, ifungiwe kabatini.

Ndani ya diski za namna hii mna sahani zinazozunguka, kwa nyingi za kubebwa mkononi mara 5,400 kwa dakika. Kichwa huelea juu ya sahani bila kuigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Diski ikianguka mezani ilhali inazunguka, kichwa chaweza kuikwaruza sahani, na unga wa mkwaruzo huo ukaharibu sehemu nyingine tena. Ikiwa diski haikuanguka wala haigongi, bali haionekani tu, ni halali kujaribu waya mwingine na tundu jingine mara moja. Mara nyingi ugonjwa huwa katika waya tu. Ikigonga, hakuna jaribio la pili ofisini.

Kinachofuata ni kazi ya fundi, lakini katibu yampasa ajue kazi hiyo hufanywaje, maana ndiye atakayeulizwa na wanachama. Diski inayosomeka kwa shida hainakiliwi kwa kufungua mafaili moja moja. Hunakiliwa yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, juu ya diski nyingine nzima yenye ukubwa usiopungua wa ile ya kwanza. Programu iitwayo ddrescue, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure, imetungwa kwa kazi hiyo hasa: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, huziruka zilizo mbovu, huandika katika faili la kumbukumbu mahali ilipofika, kisha huzirudia zile ngumu mwishoni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo si geni Ilala, kazi huendelea pale ilipoishia.

Utafutaji wa mafaili hufanywa baadaye, juu ya nakala. Programu ya TestDisk yaweza kurudisha orodha iliyopotea. PhotoRec huokota mafaili hata pasipo orodha, lakini kwa kawaida huyaleta bila majina yake ya asili, na katibu atakaa siku kadhaa akifungua moja baada ya jingine. Fundi anayeanza kwa kuamuru kompyuta ikarabati diski yenyewe aambiwe asimame, kwa kuwa ukarabati huo huandika juu ya diski ile ile inayokufa.

Mafundi hodari Kariakoo hawakosekani, na wengi wameokoa mali za watu. Hata hivyo mambo mawili yahitaji tahadhari. Kifuniko cha diski kisifunguliwe katika kibanda kando ya barabara, kwani chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko ile nafasi ya kichwa. Wala kubadilisha bamba la umeme kwa jingine la diski inayofanana hakutoshi kwa diski nyingi za kisasa. Bamba la asili lina kipande kinachohifadhi vipimo vya diski hiyo pekee, nacho hupaswa kuhamishwa.

Aidha, diski ya chama ina majina, simu na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezitunza taarifa hizo azilinde. Bodi iidhinishe kazi kwa maandishi, fundi atie sahihi kwamba hatabaki na nakala, na diski mbovu irudishwe ofisini hata ikiwa haina faida tena.

Yasiyopatikana katika diski hutafutwa katika karatasi: vitabu vya wanachama, stakabadhi, taarifa za benki na za malipo ya simu, pamoja na hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Kazi hii huchosha, lakini huweza kurudisha akiba ya mwanachama hadi shilingi. Wakaguzi waelezwe mapema. Kuwaficha huleta shaka ya wizi mahali ambapo pana ajali tu.

Kuhusu siku za mbele, nakala mbili katika kabati moja ni sawa na nakala moja. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 ulioteketeza jengo kuu la Soko la Kariakoo haukuchagua cha kuunguza. Nakala moja ikae nje ya jengo la ofisi, ikiwa imefungwa kwa neno la siri, na kila mwisho wa mwezi ifunguliwe katika kompyuta nyingine mbele ya mhasibu. Jumla ya akiba ilinganishwe na ile ya ofisini, kisha wote wawili watie sahihi katika daftari la karatasi.