Njia ya Msituni Usiku wa Halloween

JUMATANO

Soma: Zaburi 119:105, Mhubiri 9:5, 6, Isaya 8:19, 20, 1 Wakorintho 8:4–13.

Kila mwisho wa Oktoba, miji mingi midogo ya Marekani huandaa njia ya Halloween msituni. Wenyeji husafisha njia ya miguu kati ya miti, hutundika taa na kugawana vituo. Watoto waliovalia mavazi ya kuigiza hupita na wazazi wao, na katika kila kituo hupewa peremende au hushtuliwa: mifupa ya plastiki, makaburi ya maboksi, mtu aliyejificha gizani. Wengi huiona kuwa burudani ya ujirani tu.

Asili ya usiku huo ni ya kale. Waselti wa Ireland walikuwa na sikukuu ya Samhain mwishoni mwa mavuno, na watu waliamini kwamba wakati huo roho huwakaribia walio hai. Baadaye kanisa la Magharibi liliweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ukabaki na desturi za zamani. Wahamiaji wa Ireland walizipeleka Marekani katika karne ya 19. Taa ambazo kwao walizichonga katika mizizi ya shambani, huko wakazichonga katika maboga.

Mhubiri 9:5, 6 yafundisha nini kuhusu hali ya wafu? Isaya 8:19, 20 yamwelekeza wapi mtu anayetafuta ukweli?

Fikiria kanisa la Waadventista waliotoka Kongo na kukaa katika mji kama huo. Jirani mmoja, aliyewatafutia makoti ya baridi siku walipofika, anabisha hodi na kuwaomba wasimamie kituo kimoja. Baraza la kanisa linakutana. Mzee mmoja anasema kwamba wakikataa, watoto wa jirani hawatajua kuwa kanisa linawapenda. Mama mmoja ananyamaza kwanza, kisha anaeleza kwamba kijijini kwao hakuna aliyecheka na mambo hayo. Alikua akiogopa mizimu, na dada yake alifukuzwa kwa kushukiwa uchawi. Hataki wajukuu wake wairithi hofu ile, wala waifanye mchezo.

Wote wawili wana hoja. Katika 1 Wakorintho 8, Paulo anakubali kwamba sanamu si kitu, lakini haishii hapo: maarifa ya mmoja yasiwe kikwazo kwa mwingine. Na huenda mama huyu siye aliye dhaifu. Yeye ndiye anayejua kuliko wote ni kitu gani kinachochezewa.

Kanisa hilo laweza kumjibu jirani ndiyo na hapana kwa pamoja. Ndiyo, watasimama pale njia ilipo na giza zaidi, wakiwa na taa na chai ya moto, na kumsalimu kila mtoto kwa upole. Hapana, hawataweka mifupa, makaburi wala roho. Na Oktoba 31 inapoangukia Ijumaa, kama mwaka 2025, Sabato huingia jua linapozama. Mwaka kama huo waweza kusafisha njia na kutundika taa mapema katika juma, na kumweleza jirani sababu. Ikiwa kituo hakiruhusiwi bila vitisho, kukataa kwa upendo nako ni ushuhuda.

Mtoto anayetembea msituni usiku hutazama taa iliyo karibu na miguu yake. Atakaporudi nyumbani, atakumbuka nini: wafu wanaotembea, au jirani aliyemshikia taa?

Maswali ya Kujadili

1. Kama ungekuwa katika baraza lile, ungemjibu nini mzee? Ungemjibu nini yule mama?

2. Ni michezo au desturi zipi katika jamii yako zinazowafundisha watoto kuwaogopa wafu? Kanisa laweza kuwapa watoto nini badala yake?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuwa karibu na majirani na kushiriki kila wanachofanya? Soma Waefeso 5:8–11.